CT scan ya mishipa: namna mionzi na dawa ya rangi vinavyopunguzwa

Mtu anayepatwa na maumivu ya kifua katika jiji la Washington, au katika vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, aghalabu hupelekwa kwenye mashine ya CT scan ili mishipa inayolisha moyo wake ipigwe picha.

Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji kuingiza mpira mwembamba hadi moyoni. Lakini kinatumia vitu viwili ambavyo vikizidi vinaweza kudhuru: mionzi ya eksirei, na dawa yenye iodini inayodungwa mshipani, ambayo wengi huiita dawa ya rangi.

Kwa muda wa miaka takriban 20 sasa, madaktari na wataalamu wa fizikia wamekuwa wakipunguza vyote viwili bila kuipoteza picha.

Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha hospitali 61 katika nchi 32, ulionesha kuwa mionzi katika kipimo cha mishipa ya moyo ilishuka kwa asilimia 78 kati ya mwaka 2007 na 2017. Hata hivyo, uchunguzi huohuo ulibaini kuwa hospitali zilizotumia mionzi mingi zaidi zilizidi zile zilizotumia mionzi michache zaidi kwa mara 37, kwa kipimo kilekile.

Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa umri wa mashine peke yake. Sehemu yake kubwa inatokana na maamuzi yanayofanywa kabla ya kitufe kubonyezwa.

Makala haya yanaeleza kipimo hicho kinavyofanya kazi, jinsi mionzi na dawa ya rangi vinavyopunguzwa, na mambo ambayo mgonjwa wa Afrika Mashariki, aliye nyumbani au ughaibuni, anaweza kuyauliza.

KUTOKA CAPE TOWN HADI GEORGETOWN

Historia ya CT scan ina mizizi barani Afrika. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akifanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Huko ndiko alikoanza kutafuta hesabu ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupitisha mionzi kutoka pembe nyingi.

Mashine yenyewe ilitengenezwa Uingereza na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London, Oktoba mwaka 1971. Wanasayansi hao wawili walishirikiana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Mashine hiyo ya mwanzo ilikuwa ya kichwa tu. Mashine ya kwanza iliyoweza kupiga picha ya mwili mzima ilijengwa mjini Washington, katika Chuo Kikuu cha Georgetown, na Robert Ledley, daktari wa meno aliyesomea pia fizikia.

Mashine hiyo, iliyopewa jina la ACTA, ilianza kazi mwaka 1974, na kifua na tumbo vikaingia katika mipaka ya kipimo hicho. Mashine ya majaribio ya ACTA imehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian mjini humo. Ledley alifariki dunia mwaka 2012.

Kilichokosekana wakati huo ni kasi. Moyo hautulii, na picha ya kitu kinachotikisika huwa na ukungu. Mashine zenye safu 64 za vipokezi vya mionzi zilipofika hospitalini mwaka 2004, na za safu 320 mwaka 2007, ndipo mishipa ya moyo, ambayo mingi ni myembamba kuliko kalamu ya risasi, ilipoanza kuonekana vizuri.

KWA NINI DAWA YA RANGI INAHITAJIKA

Damu na nyama ya mwili huzuia mionzi ya eksirei kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa sababu hiyo, katika picha ya kawaida ya CT scan mshipa wa damu hautofautiani sana na nyama iliyouzunguka.

Iodini, ambayo ni yaleyale madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ya mezani, ni elementi nzito inayozuia mionzi zaidi. Ikichanganyika na damu, njia ya mshipa hung'aa kwenye picha, na mahali palipozibwa na mafuta huonekana kama upungufu katika mng'ao huo.

Dawa hiyo hudungwa kwa pampu kupitia mshipa wa mkono, kwa kasi ya takriban mililita tano kwa sekunde katika kipimo cha moyo. Mgonjwa huhisi joto mwilini kwa muda mfupi. Mtaalamu husubiri wimbi la dawa lifike mahali panapotakiwa, kisha hupiga picha.

Akiwahi au akichelewa, mshipa hautaonekana vyema na huenda kipimo kikarudiwa. Kipimo kinachorudiwa ni mionzi mara mbili na dawa mara mbili. Kwa hiyo upunguzaji wowote unaoharibu picha si upunguzaji.

HOFU YA MWAKA 2009

Mionzi hupimwa kwa kizio kiitwacho milisiverti. Mkazi wa Marekani hupata takriban milisiverti tatu kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika vyakula, bila kuingia hospitalini.

Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Kinga ya Mionzi la Marekani, NCRP, lenye makao yake Bethesda, Maryland, lilichapisha ripoti iliyowashtua wengi. Ilionesha kuwa wastani wa mionzi anayoipata Mmarekani kwa mwaka, ya asili na isiyo ya asili, ulipanda kutoka milisiverti 3.6 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi 6.2 mwaka 2006. Sababu kuu ilikuwa vipimo vya hospitali, na miongoni mwavyo CT scan iliongoza.

Mwaka huohuo uchunguzi wa hospitali 50 katika nchi mbalimbali ulikadiria kuwa kipimo kimoja cha mishipa ya moyo kilimpa mgonjwa wastani wa milisiverti 12. Hicho ni kiasi cha miaka minne ya mionzi ya asili.

Oktoba mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuwa wagonjwa 206 wa hospitali moja mjini Los Angeles walipata takriban mara nane ya mionzi iliyokusudiwa walipopimwa mzunguko wa damu katika ubongo. Kosa hilo liliendelea kwa miezi 18 bila kugunduliwa. Baadhi ya wagonjwa walinyonyoka nywele.

Mashine haikuwa imeharibika kwa namna iliyoonekana, na picha zilitoka safi. Hilo ndilo lililowatia wasiwasi wataalamu: katika CT scan, mionzi ikizidi picha haiungui kama ilivyokuwa kwa filamu za zamani. Bali huzidi kupendeza. Anayetazama picha hana njia ya kujua kosa asipotazama pia takwimu za mionzi.

Februari mwaka 2010 FDA, ambayo makao yake yako Silver Spring, Maryland, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupunguza mionzi isiyo ya lazima katika vipimo vya tiba.

HATARI NI KUBWA KIASI GANI?

FDA imeeleza kuwa mionzi ya milisiverti 10 inaweza kuongeza uwezekano wa mtu kufa kwa saratani kwa takriban mtu mmoja katika 2,000. Katika watu haohao 2,000, takriban 400 watakufa kwa saratani kutokana na sababu nyingine.

Kwa mtu mmoja mwenye dalili za ugonjwa, hatari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hatari ya mshipa wa moyo kuziba bila kujulikana. Uchunguzi uliofanywa Scotland kwa wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018, ulionesha hivyo. Kati ya waliopigwa CT scan ya mishipa ya moyo, asilimia 2.3 walipata shambulio la moyo au walikufa kwa ugonjwa huo ndani ya miaka mitano. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida tu, ilikuwa asilimia 3.9.

Kwa watoto na vijana hali inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa chembe zao bado zinakua na wana miaka mingi mbele yao. Uchunguzi wa Waingereza waliopimwa wakiwa watoto, uliofanywa kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2012, uliihusisha mionzi ya CT scan na ongezeko la saratani ya damu na uvimbe wa ubongo. Idadi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ndogo.

NAMNA MIONZI INAVYOPUNGUZWA

Njia ya kwanza haina fundi. Ni kuuliza kama kipimo kinahitajika, na kama kipimo kisicho na eksirei kinaweza kutoa jibu. Mishipa ya shingo na ya miguu, mathalani, mara nyingi huweza kuchunguzwa kwa ultrasaundi.

Njia ya pili ni kufupisha eneo. Kila sentimita inayoongezwa juu au chini ya moyo ni mionzi ya ziada isiyoongeza habari.

Njia ya tatu ni kushusha volteji ya mashine. Kwa miaka mingi kilovolti 120 zilitumika kwa karibu kila mtu mzima. Uchunguzi wa wagonjwa 400 uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kuwa kwa watu wasio wanene, kushuka hadi kilovolti 100 kulipunguza mionzi kwa asilimia 31 bila ubora wa picha kuathirika. Kwa watu wembamba, baadhi ya mashine huweza kushuka hadi 80 au 70.

Njia ya nne ni kuufuata moyo wenyewe. Katika kila pigo kuna kipindi kifupi ambapo moyo hutulia. Zamani mashine iliwasha mionzi muda wote wa pigo, kisha daktari akachagua picha nzuri na kuziacha nyingine. Siku hizi mashine husoma umeme wa moyo na kuwasha mionzi katika kipindi cha utulivu tu. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2012, ulipata kuwa mbinu hiyo pekee ilipunguza mionzi kwa asilimia 69.

Lakini mbinu hiyo hudai moyo uende polepole. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza mapigo kabla ya kipimo, ili yashuke hadi karibu 60 kwa dakika. Kidonge hicho cha bei nafuu kinaweza kupunguza mionzi kuliko programu ya gharama kubwa.

Njia ya tano ni kompyuta. Mionzi ikipungua, picha hujaa chengachenga. Programu za kisasa, zikiwemo zinazotumia akili mnemba, huondoa chenga hizo kwa hesabu, na hivyo kuruhusu mionzi midogo zaidi tangu mwanzo.

Mwaka 2013 madaktari wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilizoko Bethesda, walichapisha matokeo ya wagonjwa 107 waliopimwa mfululizo, bila kuchaguliwa, kwa kuziunganisha mbinu hizo katika mashine ya safu 320. Kiwango cha katikati kilikuwa milisiverti 0.93. Miaka sita kabla ya hapo, wagonjwa wengi duniani walikuwa wakipata mara 12 ya kiasi hicho.

Septemba mwaka 2021 FDA iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina mpya, inayohesabu chembe za mionzi moja moja badala ya kupima jumla yake. Mashine za aina hiyo hutoa picha zenye undani zaidi kwa mionzi ileile au pungufu, ingawa bei yake bado ni kubwa.

UHUSIANO WA MIONZI NA DAWA

Mtu anaweza kudhani kuwa kupunguza mionzi kunalazimu kuongeza dawa ili mshipa uonekane. Ukweli ni kinyume chake, na sababu iko katika tabia ya iodini yenyewe.

Iodini huzuia mionzi kwa nguvu zaidi kadiri nishati ya mionzi inavyoshuka kuelekea kilovolti elektroni 33. Mashine ikiwekwa kilovolti 120, sehemu kubwa ya mionzi iko juu mno ya kiwango hicho. Ikishushwa hadi 100 au 80, mionzi husogea karibu nacho, na kiasi kilekile cha iodini hung'aa zaidi.

Kwa hiyo uamuzi mmoja wa kushusha volteji humpa daktari nafasi ya kupunguza mionzi na dawa kwa pamoja. Kwa mgonjwa mwembamba, dawa inaweza kupunguzwa kwa theluthi moja au zaidi.

Mbinu nyingine husaidia. Kusukuma maji ya chumvi mara baada ya dawa huitoa dawa iliyobaki kwenye mshipa wa mkono na kuifikisha moyoni. Kukadiria dawa kwa uzito wa mgonjwa huepusha kumpa mtu wa kilo 50 kiasi cha mtu wa kilo 100. Nayo mashine yenye kasi haihitaji dawa ikae mshipani muda mrefu.

Kuna mipaka. Mtu mnene huhitaji volteji kubwa ili mionzi ipenye. Mishipa iliyojaa chokaa, au iliyowekewa vyuma vya kuipanua, nayo huhitaji uangalifu wa pekee. Hakuna namba moja inayomfaa kila mtu, na huo ndio msingi wa kazi yote hii.

UHABA ULIOFUNZA

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2022 kiwanda cha dawa hiyo cha kampuni ya GE Healthcare mjini Shanghai kilifungwa kutokana na amri za kudhibiti Covid-19. Hospitali nyingi za Marekani zilijikuta na akiba ya siku chache.

Zililazimika kuchagua nani apimwe kwanza, kushusha volteji, kupima dawa kwa uzito na kugawa chupa kubwa kwa wagonjwa kadhaa kwa taratibu za usafi. Mbinu ambazo zilikuwa zimependekezwa kwa miaka mingi zilitekelezwa kwa wiki chache kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

FIGO NA HESABU YA RANGI YA MTU

Dawa yenye iodini hutoka mwilini kupitia figo. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa huziharibu figo za watu wengi, na baadhi ya wagonjwa walinyimwa kipimo walichokihitaji.

Januari mwaka 2020 Chama cha Madaktari wa Radiolojia cha Marekani, ACR, chenye makao Reston, Virginia, pamoja na Wakfu wa Taifa wa Figo, walitoa tamko la pamoja kuwa hatari hiyo ilikuwa imekuzwa. Walisema tahadhari ya kuongezewa maji mshipani iwalenge hasa wagonjwa ambao uchujaji wa figo zao uko chini ya 30, na wale ambao figo zao zimepata hitilafu ya ghafla. Figo zenye afya huchuja 90 au zaidi.

Kiwango hicho cha uchujaji hukadiriwa kutokana na kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, na hapa ndipo suala linapowagusa Waafrika moja kwa moja.

Hadi mwaka 2021, hesabu iliyotumika sana Marekani iliongeza takriban asilimia 16 kwa matokeo ya kila mtu aliyeandikwa kuwa mweusi. Mgonjwa mweusi ambaye uchujaji wake ulikuwa 27 aliandikiwa 31. Kwenye karatasi alikuwa amevuka mstari wa tahadhari, ilhali figo zake hazikubadilika.

Septemba mwaka 2021 Wakfu wa Taifa wa Figo na Chama cha Madaktari wa Figo cha Marekani, chenye makao Washington, walipendekeza nyongeza hiyo iondolewe kabisa. Hesabu mpya isiyotazama asili ya mtu imechukua nafasi yake. Mwafrika aliye na majibu ya zamani ana sababu ya kuomba yahesabiwe upya.

Jambo jingine ni mzio. Watu wengi wa pwani wameambiwa kuwa anayedhurika kwa kula kamba au kaa hawezi kudungwa dawa yenye iodini. Wataalamu wanasema hilo si sahihi, kwani kinacholeta mzio wa viumbe hao ni protini, wala si iodini. Anayepaswa kusema mapema ni yule aliyewahi kudhurika na dawa yenyewe.

SHERIA NA FEDHA

Elimu pekee haikutosha kubadili mazoea. Mwaka 2011 ACR ilianzisha rejista ambamo hospitali hutuma takwimu za mionzi ya kila kipimo na kujilinganisha na nyingine. Hospitali iliyodhani inafanya vyema iliweza kugundua kuwa imo miongoni mwa zinazotumia mionzi mingi.

Mwaka 2013 chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, NEMA, chenye makao Arlington, Virginia, kilitoa kiwango kinachodai mambo manne: mashine iandike mionzi ya kila mgonjwa, itoe onyo mionzi ikizidi, ijirekebishe kwa unene wa mwili, na iwe na mipangilio tofauti ya watoto na watu wazima.

Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopunguza malipo ya bima ya serikali ya wazee, Medicare, kwa vipimo vinavyofanywa na mashine zisizotimiza masharti hayo: asilimia 5 mwaka 2016, na asilimia 15 tangu mwaka 2017. Hospitali zilizosita kwa sababu ya gharama zilipata sababu ya kutositasita.

Matokeo yalionekana. Ripoti ya NCRP ya mwaka 2019 ilisema mionzi ya vipimo vya tiba kwa kila Mmarekani ilipungua kwa asilimia 15 hadi 20 kati ya mwaka 2006 na 2016.

Mjadala haujaisha. Aprili mwaka 2025 watafiti wa Marekani walikadiria kuwa CT scan milioni 93 zilizofanywa nchini humo mwaka 2023 zingeweza kusababisha saratani 103,000 katika maisha ya waliopimwa. ACR ilijibu kuwa makadirio hayo yanatokana na hesabu za kitakwimu, si wagonjwa walioonekana kuugua, na kuwaonya watu wasikatae vipimo wanavyovihitaji.

AFRIKA MASHARIKI

Mashine za CT scan, zilizokuwa adimu mno, sasa zimo katika hospitali nyingi za rufaa za eneo hilo. Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, imewapunguzia wagonjwa wengi wa moyo safari za India. Nchini Kenya, mpango wa serikali wa kukodi vifaa ulioanza mwaka huohuo ulifikisha mashine za uchunguzi katika hospitali za kaunti.

Usimamizi wa mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya na Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda. Mwaka 2015 wataalamu wa radiolojia wa Afrika walianzisha kampeni iitwayo AFROSAFE, yenye lengo la kuhimiza kipimo sahihi kwa mionzi inayofaa.

Tatizo la eneo hilo lina pande mbili. Wapo wanaopimwa mara nyingi kuliko inavyohitajika, na wapo wengi zaidi wasiopimwa kabisa kwa sababu ya umbali au fedha. Kwa hawa wa pili, kuambiwa habari za mionzi pekee kunaweza kuwatia hofu isiyo na faida.

Lakini njia nyingi zilizotajwa hapa hazihitaji mashine mpya. Kushusha volteji, kufupisha eneo, kupunguza mapigo ya moyo na kupima dawa kwa uzito kunawezekana hata katika mashine ya safu 64. Kinachohitajika ni mtaalamu aliyefunzwa, mwanafizikia wa kukagua, na daftari linaloandika mionzi ya kila mgonjwa. Hospitali inayonunua mashine iliyokwisha kutumika inaweza kudai mambo manne yaliyomo katika kiwango cha NEMA.

Kwa familia zinazosafiri kati ya Afrika, India, Ghuba na Marekani, upotevu mkubwa ni kurudia kipimo kwa sababu picha za kwanza zilibaki zilikofanyiwa. Nakala ya picha katika diski, pamoja na karatasi ya majibu, inaweza kumwepusha mgonjwa na mionzi, dawa na gharama ya mara ya pili.

MASWALI YA KUULIZA

Wataalamu wanashauri mgonjwa, au nduguye, aulize yafuatayo kabla ya kipimo:

- Majibu ya kipimo hiki yatabadili nini katika matibabu yangu?
- Je, kuna kipimo kisicho na eksirei kinachoweza kutoa jibu hilo?
- Volteji na kiasi cha dawa vitapangwa kwa kufuata uzito na umbo langu?
- Figo zangu zimepimwa lini, na kwa hesabu ipi?
- Mionzi nitakayoipata itaandikwa katika majibu yangu?
- Nitapewa nakala ya picha?

Aeleze pia kama ni mjamzito, kama ana kisukari na anatumia metfomini, au kama aliwahi kudhurika na dawa ya rangi. Asijinyime maji siku hiyo ila kwa maagizo ya daktari.

Asishangae asipofunikwa vazi la risasi. Aprili mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, chenye makao Alexandria, Virginia, kilishauri vazi hilo liachwe kutumika kama kawaida ya kila kipimo, kwa kuwa faida yake ni ndogo na likiingia ndani ya picha linaweza kuifanya mashine iongeze mionzi.

Daktari akisema kuwa kipimo ni cha lazima, hasa kwa maumivu ya kifua au dalili za kiharusi, kuchelewa ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Maswali hayo huchukua dakika mbili, na yanaweza kuulizwa mgonjwa akiwa njiani kuelekea kwenye mashine.